Ya moto au ya baridi? Kilichomo kwenye glasi yako na joto la Tanga linavyokibadilisha

Kwenye grosari nyingi za Ngamiani, mhudumu akishasikia jina la bia yako huuliza swali moja tu: "Ya moto au ya baridi?" Mazungumzo kuhusu kinywaji huishia hapo. Lakini siku hizi mambo yameongezeka. Zipo bia za viwanda vidogo vya Dar es Salaam na Nairobi, zipo waini za Dodoma zinazopangwa rafu moja na za Afrika Kusini, na hoteli za ufukweni zinakuletea orodha ya kokteli ndefu kuliko orodha ya chakula. Mtu anasimama mbele ya friji, hajui ashike ipi. Mwishowe anachagua kwa lebo, au kwa bei akiamini ya ghali ndiyo nzuri, au anabaki na ile aliyoizoea.

Nataka kuufungua mkanganyiko huu, na naamini sisi wa pwani tuna pa kuanzia kuzuri kuliko wengi, kwa sababu tuna tembo la mnazi. Aliyeonja tembo la asubuhi, la jioni na la kesho yake ameshaonja karibu kila kitu ambacho fani ya vinywaji inafundisha. Na kuna jambo moja ambalo tembo hulisema wazi na chupa hulificha: katika mji wa joto kama wetu, namna kinywaji kilivyotunzwa kabla hakijakufikia huamua ladha yake kuliko jina, na mara nyingi kuliko bei.

Tembo kama darasa

Ukipita kwenye minazi ya upande wa Tongoni asubuhi na mapema, utamkuta mgema kazini. Hupanda na kotama yake, hukata ncha ya karara ambalo bado halijafunguka, kipande chembamba tu, kisha hufunga kibuyu mahali pa kukinga. Jioni hupanda tena, hushusha kilichopatikana na kukata kipande kingine chembamba, maana jeraha likikauka halitoi kitu. Utomvu unapodondoka ni maji matamu yasiyo na kilevi hata kidogo. Ila ndani ya kibuyu kuna mabaki ya jana, na kwenye mabaki hayo, na hewani pia, imo hamira ya asili. Inaanza kula sukari papo hapo. Inapokula hutoa vitu viwili: alkoholi, na hewa ya kaboni ambayo ndiyo lile povu.

Kwa joto letu kazi hiyo ni ya haraka. Ndani ya saa mbili hivi tembo linaweza kufika asilimia 4 ya kilevi, sawa na bia nyepesi, huku likiwa bado tamu. Likikaa hadi jioni sukari imepungua na kilevi kimepanda, kwa hiyo utamu umekuwa ukali. Likilala, bakteria wanaopenda hewa wanakigeuza kilevi kuwa asidi, na kufikia kesho una siki ya kutia kwenye kachumbari. Mgema anayetaka tembo tamu huanza na chombo safi. Anayetaka kali huacha machicha ya jana yafanye kazi. Louis Pasteur, Mfaransa, alianza kuonyesha katika miaka ya 1850 kwamba kinachochachua ni viumbe hai. Wagema walikuwa wanaviendesha viumbe hivyo kabla ya hapo, bila kuviona.

Sasa chukua hatua hiyo moja, sukari kuliwa na hamira, uitazame nchi nzima. Wachaga wanaianza kwa ndizi na kuongeza ulezi, wanapata mbege. Upareni wanaianza kwa miwa, wanapata dengelua. Iringa wanakinga utomvu wa mianzi, wanapata ulanzi. Zabibu zinatoa waini. Shayiri inatoa bia, lakini nafaka ina ugumu wake: ndani yake mna wanga, si sukari, na hamira haiwezi kula wanga. Ndiyo maana nafaka hulowekwa ichipue kwanza iwe kimea, kwa kuwa mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyouvunja wanga kuwa sukari. Mama anayeanika kimea cha ulezi kwenye mkeka na kiwanda kikubwa cha bia wanafanya jambo lile lile.

Ile namba ya asilimia

Kwenye kila chupa kuna namba ndogo yenye alama ya asilimia, na watu wengi huipita bila kuisoma. Kilimanjaro ni 4.5. Safari ni 5.5. Waini nyingi ziko kati ya 11 na 14. Konyagi ni 35. Anayeziangalia harakaharaka husema bia ni kinywaji cha watoto wa shule na Konyagi ndiyo pombe. Hesabu haisemi hivyo.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi tupu. Glasi ya waini ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina mililita 19.5. Toti mbili za mililita 30 za Konyagi zina mililita 21. Vitu vitatu vinavyoonekana tofauti kabisa mezani vinakupa karibu kiasi kile kile. Kinachomponza mtu ni kipimo, zaidi ya jina: chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe ya asilimia 35 ina mililita 87.5 za alkoholi, yaani bia tatu na nusu, na inaingia mfukoni. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vilivyopigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017, vilikuwa na hatari hiyo hiyo kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu.

Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa. Bia ile ya mililita 500 ina karibu gramu 20, ndizo zile mililita 25. Fanya mgawanyo mwenyewe: bia moja inahitaji saa mbili au zaidi. Kahawa chungu haiharakishi kazi hiyo, wala supu ya pweza, wala kuoga maji ya baridi. Kula kabla ya kunywa husaidia kwa sababu alkoholi huingia kwenye damu polepole, lakini kiasi kinabaki kile kile. Anayeendesha bodaboda kurudi Mikanjuni hana hesabu nyingine ya kupiga zaidi ya hii.

Na kwa nini waini haizidi asilimia 15 au 16? Kwa sababu hamira hufa katika kilevi ilichokitengeneza yenyewe. Kwenda juu zaidi lazima kukeneka: alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia una alkoholi nyingi, nao hupozwa na kukingwa. Whisky, jini, vodka na Konyagi zimepita njia hiyo. Gongo nalo limepita hapo hapo, ila kwenye pipa lisilopimwa na mtu, na likichakachuliwa linaweza kuwa na methanoli inayopofusha macho na kuua. Sheria imelikataza, na mimi sioni sababu ya kulitetea wakati zipo chupa halali zilizopimwa. Ukitaka kutengeneza kitu nyumbani, changanya. Usikeneke.

Bia, na adui zake wawili

Bia zote duniani zinagawanyika kwanza kwa hamira. Kuna hamira inayofanya kazi kwenye baridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, polepole, na kuacha kinywaji safi chenye ladha tulivu. Hiyo ni lager, na karibu bia zote tunazokunywa Tanzania ni lager. Kuna hamira inayopenda joto kidogo, nyuzi 15 hadi 24, ambayo hufanya kazi haraka na kuacha harufu za matunda. Hizo ni ale, na bia nyingi za viwanda vidogo ziko upande huu. Ile IPA unayoiona imeandikwa kwenye chupa za siku hizi ni ale iliyotiwa hopsi nyingi, maua yanayoleta uchungu na harufu ya machungwa, ya majani, wakati mwingine ya embe. Ukiionja mara ya kwanza utaona chungu. Mpe mtu aliyezoea kahawa chungu ya vijiweni na kashata, ataielewa mapema kuliko aliyezoea soda.

Weusi wa stauti unatokana na shayiri iliyokaangwa, wala hauhusiani na ukali. Guinness ya bomba inayouzwa Ulaya ni asilimia 4.2, chini ya Kilimanjaro yetu, wakati Guinness za chupa zinazotengenezewa Afrika huwa juu zaidi. Soma namba, usisome rangi.

Adui wa kwanza wa bia ni mwanga. Uchungu wa hopsi ukipigwa na jua huvunjika na kutoa kemikali yenye salfa, na harufu yake ni mbaya kiasi kwamba pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe haizuii kitu. Sasa tazama maduka yetu: kreti zimepangwa barazani zikiangalia barabara, jua la saa nane linazipiga. Bia ya chupa ya kijani iliyokaa hapo mchana kutwa imeharibika kabla haijaingia kwenye friji, na friji haiwezi kuirudisha. Ukinunua kreti, omba iliyo ndani ya duka, hata kama muuzaji atanung'unika.

Adui wa pili ni joto, na huyu ndiye wetu hasa. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, mabadiliko ndani ya kinywaji huenda karibu mara mbili kwa kasi. Bia iliyokusudiwa kukaa kwenye stoo ya nyuzi 10 inapokaa kwenye stoo yetu ya nyuzi 30, mwezi mmoja unakuwa kama minne. Inazeeka: inaanza kunuka boksi lililolowa, na harufu ya hopsi inakufa kwanza. Hapo ndipo bia za viwanda vidogo zinapoumia kuliko zote, kwa sababu nyingi hazichujwi sana wala hazipashwi moto kuua vijidudu kama za viwanda vikubwa, na raha yake yote iko kwenye hopsi mbichi. IPA ya bei kubwa iliyosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam na kukaa dukani miezi mitatu ni hasara ya wazi. Lager ya kawaida iliyotoka kiwandani majuzi itaishinda kwa ladha. Tarehe iko kwenye lebo au begani mwa chupa. Isome kabla ya kulipa.

Na lile swali la mhudumu? Baridi kali huziba harufu na kupunguza uchungu, kwa hiyo lager nyepesi iliyotengenezwa kukata kiu inaifaa. Stauti na ale hufunguka zikitoka kwenye friji na kukaa mezani dakika kumi. Wanaoagiza bia ya moto kwa mazoea hawastahili kuchekwa, maana wao husikia ladha ya kimea kuliko sisi. Lakini "ya moto" ya Tanga mwezi wa pili ni nyuzi 30 na zaidi. Hapo hewa ya kaboni hukimbia, povu hufurika, na kinachobaki ni kitamu kilichopooza. Kwangu mimi ya baridi iliyopumzika kidogo inashinda zote mbili.

Waini

Dodoma imekuwa nchi ya zabibu tangu wamisionari wa Kikatoliki walipozipanda katikati ya karne iliyopita, na ina jambo ambalo Ulaya haina: kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Ukinywa waini ya Makutupora unakunywa zabibu iliyoota kwenye ukame wa kwetu wenyewe.

Nyekundu na nyeupe zinatofautiana kwa maganda. Juisi ya karibu zabibu zote ni nyeupe. Ikilazwa na maganda meusi wakati inachacha, inavuta rangi na ule ukakasi unaokaza ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo ndio unaoifanya waini nyekundu iende vizuri na nyama ya mafuta, mishikaki kwa mfano, na ndio unaoifanya igombane na samaki. Kwa changu wa kupaka wa nazi, chukua nyeupe. Waini drai ni ile ambayo hamira imemaliza sukari karibu yote. Tamu ni ile iliyobakizwa sukari, na wengi wetu tulianza na tamu. Hakuna aibu yoyote hapo: chakula chenye pilipili na nazi hukubaliana na waini yenye utamu kidogo kuliko na ile drai kabisa.

Kuna ushauri mmoja ambao umetuharibia waini nyingi: kwamba nyekundu inywewe kwa joto la chumbani. Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Chumbageni ni nyuzi 29. Kwa joto hilo pombe hupanda puani, tunda hupotea, na mtu anasema hapendi waini nyekundu. Iweke kwenye friji dakika 30 kabla ya kuifungua. Nyeupe ikae saa mbili au zaidi. Na chupa usiihifadhi juu ya kabati la jikoni. Iweke chini, sakafuni, kwenye kona ya giza iliyo mbali na jiko. Kama huna mahali pa baridi, nunua unayokunywa wiki hii tu.

Kokteli: jikoni tuna kila kitu

Pombe kali hazichachi wala hazizeeki haraka kwenye joto, kwa hiyo kwa nyumba ya Tanga yenye friji ndogo na umeme wa kukatika, kokteli ndiyo njia ya busara kuliko zote. Nashangaa watu huiona ni mambo ya hotelini. Mwaka 1806 gazeti moja la jimbo la New York, Marekani, liliifafanua kama pombe kali yoyote, sukari, maji na vichungu, yaani matone ya mitishamba michungu. Basi. Nyingi unazozijua leo, daikwiri au margarita, zinasimama juu ya mizani moja: kali, chachu, tamu.

Anza na mililita 60 za pombe kali, mililita 25 za maji ya ndimu iliyokamuliwa sasa hivi, na mililita 20 za shira. Shira ni ile ile ya kaimati, ila nyepesi: sukari na maji kiasi sawa, ipate moto mpaka sukari iyeyuke, itie iliki iliyopondwa au kipande cha mdalasini, iache ipoe. Inakaa kwenye friji wiki mbili hadi tatu. Tia vyote kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko unaoziba, ongeza barafu hadi juu, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, mpaka chupa ikuume vidole kwa baridi, kisha chuja. Onja. Ikikukunja uso, ongeza shira kijiko kimoja. Ikikwama kooni kwa utamu, ongeza ndimu.

Wakati unatikisa, barafu inayeyuka na kuongeza maji, karibu robo ya kinywaji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tunamlaumu kwa haki. Kwenye kokteli maji hayo ni sehemu ya mapishi, bila hayo inaunguza. Tatizo ni barafu ndogo ndogo inayoyeyuka mezani dakika tano baadaye. Gandisha maji kwenye vibakuli vidogo upate mapande makubwa, kwa maji uliyochemsha.

Juu ya mizani hiyo cheza na vya kwetu. Machungwa ya Muheza ni matamu lakini hayana uchachu wa kutosha peke yake, yape ndimu. Ukwaju mzito uliochujwa unaweza kuchukua nafasi ya ndimu yote, na Konyagi iliyotokana na miwa inaupenda. Tangawizi iliyopondwa huipa moto. Dafu lililopozwa, toti mbili na tone la ndimu, ndicho kinywaji cha jioni ya kaskazi. Na kwa anayepita kwenye mashamba ya mkonge kuelekea Korogwe: mmea ule, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ni agave, ndugu wa agave ya buluu inayotoa tekila kule Meksiko. Sisi tulichagua nyuzi zake.

Tanga ni mji ambao jirani, shemeji na nusu ya wageni wako huenda hawanywi, na wanastahili glasi iliyotengenezwa kwa bidii ile ile. Ukwaju, shira ya iliki, tangawizi na barafu nyingi, vikitikiswa vivyo hivyo bila kilevi, vinatoa kinywaji kamili. Tumia chupa nyingine na kichujio kingine, na mwambie mgeni hivyo kabla hajauliza.

Ukitoka

Grosari au hoteli, chunguza friji kuliko lebo. Maduka mengi huzima friji usiku kuokoa umeme, kwa hiyo bia hupata baridi na joto kila siku. Fika jioni, ambapo imepoa vya kutosha, na omba ya rafu ya nyuma. Baa za ufukweni pale Raskazone zina upepo mzuri na jua kali kwa pamoja, basi glasi yako iwe kivulini. Kokteli ya bei kubwa iulizie swali moja: ndimu inakamuliwa au ni ya chupa? Ikiwa ya chupa, agiza bia.

Waini ya glasi ina hatari zaidi. Chupa ikishafunguliwa, hewa imeingia, na safari ya kwenda kwenye siki imeanza. Kwenye friji ina siku tatu hadi tano, juu ya kaunta yenye joto ina siku moja. Muulize mhudumu kwa upole chupa imefunguliwa lini, na uombe kuinusa. Mhudumu anayejua kazi yake hatachukia. Ikinuka siki, iache, mkigawana chupa nzima watu wawili au watatu mtapata nafuu. Itakayobaki ombeni kizibo, ichukueni. Ikikaa nyumbani mpaka ikachachuka kabisa, samaki wa kukaanga ataipenda: vijiko viwili, kitunguu saumu, chumvi na pilipili, alale humo nusu saa.